Kabla hujalipia eliptikali ya bei nafuu
Eliptikali ni mashine ya mazoezi unayokanyaga pedali ukiwa umesimama. Pima hatua kwanza, yaani umbali ambao pedali husogea kutoka nyuma hadi mbele; skrini baadaye. Nyingi za bei ya chini zina hatua ya sentimita 30 hivi. Mtu mrefu atabaki akikanyaga vihatua vifupi, magoti yakiumia. Ukivuka sentimita 170, tafuta hatua ya 40 au zaidi. Breki, ile inayoleta uzito wa kukanyaga, iwe ya sumaku, kwani ya pedi inayosugua gurudumu huisha. Na dari je? Jumlisha urefu wako na kimo cha pedali ikiwa juu kabisa, ongeza sentimita 15.

Ikianza kugongagonga, mara nyingi ni bolti za mikono ya pedali zimelegea. Tafadhali kazeni mapema! Zikiachwa zicheze, zinakula tundu, na hapo spana haisaidii tena.