Meza ya Treni, Masika ya 2006

Jumamosi iliyopita nilifungua kabati lililo chini ya sinki, nikapokewa na harufu ya chipubodi iliyolowa, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, harufu kama ya pumba zilizosahauliwa ndani ya gunia, na kabla sijaliona bomba lililokuwa likivuja nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye banda la uani, masika ya 2006, nikiitazama meza yangu ya treni ikivimba.

Treni yenyewe, ya kuchezea, aliileta Mjomba kutoka Ujerumani: kichwa kimoja, mabehewa matatu na reli za kufunga mzunguko mmoja, vyote kwa kipimo cha 1 kwa 87. Nilitaka meza ya futi nne kwa nane, kwa sababu huo ndio ukubwa wa bodi nzima na sikuwa tayari kulipia kipande cha kutupa. Pale Keko, Dar es Salaam, niliuliza bei ya plaiwudi ya milimita 18, nikashukuru, nikaondoka na chipubodi ya milimita 12 pamoja na mbao za paina za inchi mbili kwa mbili. Muuzaji alinishauri niweke mhimili kila futi moja na nusu. Mimi, kwa kubana matumizi, niliweka mitatu tu, huku, kule na katikati.

Treni ilizunguka vizuri kwa wiki mbili. Kisha mvua zikaanza, banda likavuja kidogo, chipubodi ikanywa maji, ikavimba kingo na kubonyea kati ya mihimili, na kichwa cha treni kikawa kinaanguka kila kilipofika kwenye kona ileile. Nililaumu reli. Nilizifungua na kuzifunga upya mara tatu.

Baba alikuwa amestaafu, na ujana wake aliumalizia katika genge la wafanyakazi wa njia ya Reli ya Kati, kipande cha Kilosa na Gulwe, ambako mto ukifurika hubeba tuta na kuziacha reli zikining'inia. Hakuwa amewahi kuulizia mchezo wangu. Jioni ile aliingia bandani bila kusema neno, akavua kofia, akainama taratibu kwa ajili ya mgongo wake, akalaza shavu juu ya bodi, akafumba jicho moja na kuifuata reli kwa jicho la pili, reli ya upana wa milimita 16.5, kwa utulivu uleule ambao nadhani aliitazamia ile ya mita moja. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kichwa cha treni kilikuwa kimelala ubavu, magurudumu hewani. Bila kuinua shavu, Baba alinyoosha mkono akaomba gololi. Aliiweka ndani ya mzunguko, karibu na reli. Ikasita, kisha ikateremka yenyewe, ikatulia bondeni.

"Tuta limekwenda," alisema, "na wewe unahangaika na reli."

Kesho yake tulipata kwa fundi ujenzi plaiwudi iliyokwisha kumwagiwa zege, yenye madoa na matundu ya misumari, kwa bei isiyofika nusu ya ile mpya. Tuliikwangua, tukaifunga kwa gundi na skrubu, tukaipa miguu ya mirunda mikuukuu. Baba alisogeza mihimili karibu karibu hata nikamwambia kwamba hatujengi daraja, hakucheka. Nilipojumlisha gharama za meza zote mbili, zilikaribia bei ya plaiwudi mpya niliyoikwepa Keko, jambo ambalo sikumwambia.

Mota ya treni iliungua zamani. Meza ipo, Mama hukatia vitambaa vyake juu yake, na haijapinda.

Jumatatu alikuja fundi wa kabati, akabonyeza ubao kwa kidole, kidole kikazama, akaniuliza nirudishiwe bodi gani. Nilimsimulia habari hii yote, hadi ile gololi, naye akasikiliza kwa adabu. Kisha nikamuuliza chipubodi siku hizi inauzwa kiasi gani.