Nilivyobadilisha gasketi ya hedi mwenyewe, uani

Gari lilinichemkia mlima Kitonga, njia ya Iringa, zimebaki kona chache tufike juu. Ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A. Tukasubiri lipoe, tukalijaza maji yetu ya kunywa, tukafika Iringa kwa kuvizia. Tuliporudi Morogoro nilishajua limeunguza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu. Asubuhi linatoa moshi mweupe na kumisi, yaani injini inakatakata. Ukiliwasha likiwa la baridi, kifuniko cha rejeta kimefunguliwa, mapovu yanapanda kama chungu cha maharage. Plagi ya silinda ya pili ilitoka safi, imeoshwa na mvuke, nyingine tatu zina rangi ya kahawia.

Fundi alitaka laki nne na nusu, kuskimu hedi, yaani kuinyoosha uso kwa mashine, juu yangu. Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni likizo ya wiki mbili, boksi la spana, na baba mwenye nyumba aliyewahi kuendesha malori. Aliniazima toki renchi yake, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa sharti moja: "Mwanangu, hiyo ni ya kukazia tu. Ukifungulia nati nayo, umeniulia." Nikamwambia sawa, mzee.

Kufungua kulichukua siku moja. Kamshafti zote mbili, vile vyuma vinavyofungua valvu, lazima zitoke, maana bolti za hedi zimejificha chini yake. Zote kumi nilizilegeza kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati. Hedi ikagoma kunyanyuka. Nilihangaika nayo nusu saa na nikaanza kuliangalia bisibisi kwa tamaa, kumbe kuna bolti ya brakti chini ya manifoldi ya hewa, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, nimeisahau. Ningeingiza bisibisi pale ningechubua aluminiamu, na hedi ndiyo ingekuwa basi tena.

Bolti nilizichomeka kwenye boksi la maji ya chupa, kila moja na tundu lake kama zilivyokaa kwenye injini. Mwanangu akalibeba boksi kwenda kuchezea. Nilipolipata, bolti sita ziko mchangani. Nikaanza kuzipima kwa rula, na hapo ndipo nikagundua hazilingani: tano zina milimita 90, tano 108. Fupi zinakaa upande wa manifoldi ya hewa, ndefu upande wa eksozi. Ndefu ukiiweka kwenye tundu la fupi inagota chini. Mkono unakuambia imekaza, kumbe hedi haijabanwa.

Niliweka rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mwisho wa kupinda unaoruhusiwa ni milimita 0.05. Yangu ya 0.10 ilipita bila kusukumwa, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Ikapelekwa kuskimiwa. Uso wa bloku niliusafisha kwa wembe, taratibu, siku nzima, matambara yamezibia silinda. Matundu ya bolti nayo yalikuwa na maji na oili. Hayo usiyaache, kwa sababu bolti ikikandamiza maji yasiyo na pa kwenda inaweza kupasua bloku. Niliyapuliza kwa pampu ya baiskeli, tambara juu ya tundu, na bado yalinirukia usoni.

Gasketi haiungui yenyewe. Mwaka wa nyuma yake fundi mwingine aliniondolea thamostati, valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, akisema magari ya huku hayaihitaji, na mimi nikawa najazia maji ya bomba miaka yote. Rejeta ilipofunguliwa, mirija karibu nusu ilikuwa imeziba kwa kutu. Ningefunga gasketi mpya nikaiacha rejeta ile, ningerudi palepale. Nikanunua rejeta ya mtumba, na thamostati mpya iliyoandikwa 82, yaani nyuzi joto za kufungukia. Niliichemsha kwanza kwenye sufuria mpaka nikaiona inafunguka. Mama watoto hakufurahi. Sufuria ilikuwa ya uji.

Kufunga ni kuanzia katikati kwenda pembeni. Mzunguko wa kwanza niliweka toki renchi kwenye 29 Nm. Kisha nikatia kila bolti doa la rangi ya kucha upande wa mbele, nikazungusha nyuzi 90, halafu 90 tena, mpaka madoa yote kumi yakatazama nyuma. Robo ile ya mwisho bolti inalia na unahisi inakatika. Nilisimama mara mbili kunywa maji.

Mkanda wa taimingi, unaozungusha kamshafti sambamba na injini, nikaupanga kwenye alama zake, nikaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kuhakikisha zinarudi. Liliwaka kwa seli ya tatu. Moshi mweupe ulitoka kama dakika kumi; nilitaka kulia, lakini yalikuwa maji yaliyobaki kwenye eksozi. Feni ikawaka, ikazima yenyewe.

Tumeshapanda Kitonga tena, mshale haukuvuka nusu. Kinachonisumbua sasa ni oili inayovuja kidogo kwenye kava ya valvu. Nilifanya ubahili nikarudishia mpira wa zamani. Nitaununua mwisho wa mwezi.