Nilivyopata likopeni ya juisi ya tikitimaji kwa hewa ya ukaa

Kila niliyemuuliza jinsi ya kutoa likopeni, ile rangi nyekundu ya tikitimaji, kwenye juisi kwa hewa ya ukaa alinijibu vilevile: ongeza mgandamizo. Ushauri huo umemaliza mitungi ya gesi bure, na bado unatolewa kwa kujiamini kabisa.

Hewa ya ukaa ikipita nyuzi 31 za Selsiasi na mgandamizo wa megapaskali 7.38 huingia hali ya supakritiko: hupenya kama gesi, huyeyusha kama kimiminika. Ukiachia mgandamizo inaondoka yenyewe, likopeni inabaki safi. Ndiyo maana niliitaka kwa antioksidanti hii, yaani kitu kinachozuia madhara ya oksijeni mwilini.

Basi nikafuata ushauri, juisi nzima ndani ya chombo, mgandamizo hadi megapaskali 40. Juisi ikafanya povu, povu likapanda na gesi hadi kwenye vali ya kutokea. Pale gesi hutanuka ghafla na kupoa vibaya, kwa hiyo matone ya maji yakaganda na njia ikaziba. Tukapasha vali, ikafunguka, ikaziba tena. Kilichofika kwenye chupa ya kukusanyia ni maji machachu yenye rangi hafifu, kwa sababu hewa ya ukaa ikiyeyuka majini huzaa asidi. Tikitimaji ni maji zaidi ya asilimia 90. Likopeni imejificha ndani ya chembe za nyama ya tunda, na yale maji yanaizingira. Mgandamizo ungefanya nini hapo?

Jibu lilikuwa kwenye gilasi. Juisi ikitulia, wekundu hushuka chini na maji ya juu hupauka. Nikaizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha vitu kwa mzunguko wa kasi, nikamwaga maji, nikabaki na tope jekundu, nikalikausha kwa kugandisha na kulichanganya na shanga za kioo ili gesi ipite kote. Nikaongeza ethanoli (alkoholi) kidogo, joto nyuzi 70 hivi, mgandamizo uleule. Tone la kwanza lilitoka jekundu lililokolea! Nilimwita kila aliyekuwa karibu aje aone.

Vali ipashwe joto tangu mwanzo, na kichwa cha pampu kipozwe, la sivyo pampu inasukuma gesi tupu. Chupa iwe ya rangi nyeusi. Mwanga na oksijeni huila likopeni haraka.

Kama unatafuta anthosianini, yaani rangi za zambarau, za juisi ya zabibu, usiige hatua zangu. Hizo hupenda maji, na hewa ya ukaa peke yake haizigusi. Utahitaji ethanoli nyingi zaidi, pamoja na maji kidogo.