Shahidi naye apewe pa kukaa

Jamani hili la mahakama zetu acha niliseme. Kesi zikichelewa watu wanataja jalada halionekani, upelelezi haujakamilika, wakili kaomba ahirisho, sawa, ila jengo lenyewe halitajwi, yani nani anakaa wapi na anasikia nini.

Utaratibu ni kwamba shahidi ambaye hajatoa ushahidi anakaa nje, asisikie wenzake wanasema nini, ili akiitwa aseme anachokijua yeye. Nzuri kabisa. Sasa kuna mahakama ya mwanzo moja hapa Tabora nilimsindikiza shangazi kwenye shauri la mirathi ya mumewe, na joto letu kabla mvua hazijakolea mnalijua, madirisha yote wazi, na benchi la mashahidi limewekwa chini ya dirisha hilohilo! Kila neno la ndani linatufikia. Halafu benchi ni moja tu, kwahiyo ndugu wa marehemu wanaompinga wamekaa naye bega kwa bega, mmoja akamwambia taratibu kabisa, "shemeji we sema tu, nyumbani si tutarudi wote." Aliposimama kizimbani sauti haitoki, hakimu anaandika ushahidi kwa mkono, anamwambia rudia mama, wazee wa baraza nao wanainama wasikie, mara mvua ikashuka juu ya bati lisilo na dari, basi, shauri likaahirishwa.

Vile Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vilivyozinduliwa 2021, Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro na viwili vya Dar, vimeweka mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu kwenye jengo moja, nimefurahi kwa kweli. Ila mjane wa huku kwetu anaanzia mahakama ya mwanzo ya karibu na kwake, na mengi ninayoyasema hayahitaji ghorofa. Benchi lihamishiwe upande wa pili wa jengo, mbali na madirisha. Yawe mawili, kila upande na lake. Kizimba kisogezwe karibu na meza ya hakimu. Dari ndo itafutiwe hela, hiyo naelewa.

Na watoto jamani! Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mashauri yao yasikilizwe faragha, sasa faragha gani hiyo kama walioko nje wanasikia kila kitu? Hapo kusiwe na kusubiri bajeti, wakati wa ushahidi wa mtoto watu wote waondolewe upande wa madirisha, mlinzi asimame pale mpaka amalize.