Arobaini ya chumba namba nne

Niliondoka Tandika nikiitwa dada. Miaka tisa baadaye kijana aliyenishushia mabegi kwenye bajaji akaniambia, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, sikuwa na namna.

Mama yangu bado yuko nyumba ile ile: vyumba sita, uani bomba moja na mwarobaini. Vyumba vinne vina wapangaji. Wiki ya pili tangu nifike, binti wa chumba namba nne akajifungua. Kwao Kasulu, mwenzake ni utingo wa malori ya Tunduma, na Dar nzima hana ndugu hata wa kusingizia. Alirudi kutoka hospitali kesho yake mchana, mtoto kwenye kanga, kadi ya kliniki kwapani.

Mimi nikafanya nilichozoea kufanya miaka yote nikiwa mbali: nikatoa hela. Mama akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Haya, asante mwanangu. Na maji ya kesho alfajiri anachemsha nani?"

Mwanangu nilimzaa Leicester, Uingereza, mwezi wa Januari, kwa upasuaji. Mkunga alikuja nyumbani mara tatu, mpole, na mizani yake kwenye begi. Simlaumu kwa lolote. Ila akishafunga mlango tunabaki mimi, mtoto na mlio wa hita. Mume alikuwa zamu za usiku. Siku moja nilikula mkate mkavu nimesimama jikoni, nikalia, kwa sababu siagi ilikuwa kabati la juu na mshono haunipi ruhusa ya kunyoosha mkono. Kwa hiyo yale ya chumba namba nne niliyatazama kwa wivu, nakiri.

Hakuna aliyeitisha kikao. Muuza chapati wa chumba cha pili alishika uji wa asubuhi, wenye pilipili manga. Mwingine nepi. Mama alishika kukanda, kwa kuwa binti hakupasuliwa. Mwenye mshono wa tumbo hakandwi, na siku hizi Mama analijua hilo. Bibi wa chumba cha mwisho alimpakata mtoto ili mzazi alale. Tatizo, bibi alikuja na kichupa cha dawa ya chango.

Mhudumu wa afya wa mtaa wetu, hawa wanaoitwa WAJA, nilisoma naye shule ya msingi. Nilitegemea atagomba. Akapiga goti: "Shikamoo bibi. Mpaka miezi sita mtoto ni ziwa tu, hata maji hapana. Kichupa hicho kipumzike. Ila usiku huyu mzazi akilala mno, ni wewe wa kumwamsha anyonyeshe." Kichupa kikarudi ndani. Bibi kapata cheo, na kazi hiyo anaifanya kama mlinzi wa benki.

Siku ya sita, muuza chapati alipoleta uji akasimama mlangoni. "Mbona uso umejaa?" Tukasema usingizi. Binti akasema kichwa kinamuuma tangu usiku, na mimi mwenye akili za Ulaya nikamwambia ameze dawa ya maumivu alale. Muuza chapati hakunijibu. Alimpigia simu WAJA.

"Unaona vizuri?"

"Naona kama nyota nyota."

Ikapigwa 115, ile namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Ikaja teksi ya kawaida, dereva aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Hospitali walikuta presha imepanda vibaya, wakamchoma sindano za magnesiamu asije akashikwa na degedege. Mimi nilikuwa najua kifafa cha mimba kinaisha mtoto akitoka. Kumbe kinaweza kumfuata mzazi hata wiki kadhaa baadaye.

Ratiba ya kliniki baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Tazama hiyo ya mwisho, halafu kumbuka arobaini yetu. Zamani nilidhani arobaini ni ya kumpumzisha mzazi tu. Kumbe kati ya tarehe moja ya kliniki na nyingine, uso ule ule unatazamwa kila siku na watu watano. Ukivimba kidogo, mmoja ataona. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikadiria 556. Sababu ziko nyingi, sitajifanya mtaalamu, ila kwenye hesabu hiyo sijui muuza chapati kaandikwa safu gani.

Ninachowaza ni rafiki yangu wa Goba. Nyumba nzuri, geti, mume anarudi saa tatu usiku. Anajifungua mwezi ujao. Nani atamwona uso?

Binti alirudi baada ya siku tano, na mtoto wake. Zimebaki siku kumi na moja. Uji wa Jumanne na Ijumaa sasa ni wangu. Jana aliacha nusu kikombe. Mama akauonja, akanitazama.

"Una madonge. Huko Uingereza mlikuwa mnakunywa nini?"