MWANZA kwa herufi kubwa

Basi la kutoka Dar nisilizungumzie sana. Magoti bado yananidai. Nje ya stendi ya Nyegezi nikapokewa na bango la duka lililonikera papo hapo. Mtu kaandika MWANZA kwenye kompyuta, kaona nafasi imebaki, kaivuta fonti kwa upande mpaka ikajaa. Ukivuta hivyo, mistari iliyosimama hunenepa na iliyolala hubaki na unene wake wa mwanzo, kwa hiyo herufi nzima inapoteza uwiano.

Na neno hilo ni gumu hata bila kuvutwa. Kila herufi yake ina mstari wa mshazari. W imepanuka juu, A imepanuka chini; zikipangwa kwa nafasi ya kawaida, pengo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Z na A kinyume chake: chini zinagusana miguu, juu pako wazi. Kwenye fonti, ambayo kimo chake mara nyingi hugawanywa vizio 1000, mimi huisogeza A iingie kwa W vizio 60 hadi 80. Baadhi ya fonti za bure hazina marekebisho hayo.

Mwaloni Kirumba nilifuata sato. Bei ilinishangaza, maana nilidhani ziwa likiwa mlangoni samaki atakuwa rahisi. Nikamkuta fundi anaandika NG'WANA MWANZA ubavuni mwa boti ya mbao, sato nikamsahau.

Mbao zilikuwa zimeshapigwa msasa na rangi nyeupe ya mafuta, ikakauka vizuri. Alichora mistari miwili kwa chaki, lakini hakuinyoosha: aliifuatisha na mkunjo wa ukingo wa boti. Mstari ulionyooka kabisa kwenye ubavu uliopinda huonekana unaning'inia. Kisha akahesabu herufi, akatia alama ya katikati, akachora kwa chaki kutokea hapo kwenda pande zote mbili, ili jina lisije likabanwa mwishoni.

G aliipitisha mstari kidogo, juu na chini. Nikamuuliza kwa nini.

"Kaka, ukiipima sawa na N, itaonekana imedumaa," alinijibu bila kugeuka.

Ndivyo ilivyo hata kwenye fonti: herufi za duara huzidishwa vizio 10 hadi 15 juu na chini. A ya MWANZA aliiingiza mguu chini ya mkono wa W, bila rula. Alama ya ng' aliichora kama kabari fupi, juu kabisa, na W akaisogeza karibu ili jina lisikatike vipande viwili. Tina, ile ya kulainishia rangi ya mafuta, alitia kidogo tu. Ikizidi, rangi inatiririka, ikipungua, brashi inaburuza na kuacha michirizi.

Kariakoo mafundi wa namna hii siku hizi ni wa kutafuta. Stika inakatwa kwa mashine ndani ya saa moja, na anayeikata hajawahi kuulizwa habari za W na A.

Gesti nilipewa risiti yenye jina la mhudumu: Ngâ€™wana. Programu moja imehifadhi ritifaa iliyopinda ya ng' kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi maandishi kwenye kompyuta, baiti tatu, nyingine imezisoma kama herufi tatu za mfumo wa zamani wa Windows. Dawa ni kuweka UTF-8 pande zote mbili. Maji ya moto nayo yaliandikwa bila kosa, shilingi elfu tatu, ila bombani hayakutoka.