Roho ya fidla nusura initoe yangu

Jamani leo niacheni nijisifu, fidla yangu ya tatu imelia hapa Cremona, mji wa mafundi fidla Italia. Kuchonga mbao, kukunja mbavu (mbao za ubavuni), vanishi, hayo siyasemi, kila anayepita hapa kila siku anayaonyesha. Mimi nasema kijiti.

Ndani ya fidla kuna kijiti cha kama milimita 6 kimesimama kati ya ubao wa juu na wa mgongo, Waitaliano wanakiita anima, yaani roho. Hakina gundi, kinabanwa tu, nyuma kidogo ya mguu wa daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi) upande wa uzi mwembamba. Na unakiingiza fidla ikiwa ishafungwa, kupitia tundu la herufi f, kimechomwa kwenye ncha ya chuma kilichopinda kama S.

Nilianza saa tatu asubuhi. Kinasimama, nikichomoa chuma kinaanguka, tok tok tok, naigeuza fidla naitikisa kama mtoto anayeiba hela kwenye kibubu. Mara ya kumi na moja nikaacha kuhesabu. Ukingo wa tundu nikauchubua, alama ipo mpaka leo. Jioni nikampigia mjomba Tanga, seremala wa miaka mingi, akacheka, "Mwanangu si uweke gundi tone moja, habari imekwisha!" Shikamoo mjomba, lakini hapana. Mbao inavimba na kusinyaa kwa majira, lazima siku moja kijiti kisogezwe, tena kikihama nusu milimita tu sauti inageuka. Hata mwili wenyewe tunaubandika kwa gundi ya ngozi ya wanyama, inayobanduka, ili fundi mwingine aje aufungue, ndo maana fidla za Stradivari, fundi maarufu aliyefariki mji huu huu 1737, bado zinafanyiwa matengenezo.

Maestro, mwalimu wangu, alinikuta nimenuna. Hakugusa chuma, akachomoa kifungo cha kitakoni mwa fidla, kikabaki kitundu, akamulika tochi ya simu kwenye f, akaniambia weka jicho hapo kitakoni. Lahaula! Ncha ya juu nilikuwa nimeikata bapa wakati ubao una mbinuko, kijiti kimeshika ukingo mmoja tu! Nikanoa kisu mpaka kinyoe mkono, nikakata mshazari kidogo kidogo, mishipa (nyuzi za mti) ya kijiti ikikingama na ya ubao (ikienda sambamba kinadidimia). Usikikaze sana lakini, utapasua ubao wa juu ulie.

Kijiti chenyewe ni hela ya kahawa, chuma euro kumi na ushee. Kilisimama usiku, nimekipigia magoti.

Juzi nimemtumia mjomba sauti ya fidla. Kajibu, "Umeona? Gundi hiyo."